Neno la Mwezi Huu

Siku hizo kila mtoto mdogo aliletewa kitabu cha bure kila mwezi, na ndani yake mlikuwa na maneno ambayo angeyahitaji kabla mwezi haujaisha. Sekela alishukuru kutoka moyoni. Mwanawe Amba alijua kusoma "surua" kabla vipele havijamtoka. Hata mama mkwe wake, ambaye shule aliiona kwa mbali, alijifunza kusoma kwa kuchungulia begani kwa mjukuu.

Kitabu kipya kilipofika, Sekela alikifungua jikoni. Akakuta picha ya watu wameketi mikekani chini ya turubai, na neno moja tu: msiba. Akakificha chini ya ndizi.

"Mama Amba, unaficha kitabu cha mtoto kama mwizi wa nyama?" Bibi alikichomoa, akasoma taratibu, akacheka. "Kumbe ulidhani nitaishi milele?"

"Hakijasema ni wewe, mama."

Bibi akakipangusa kitabu kwa kanga. "Hata hivyo asome. Mimi nilipofiwa na mama yangu niliambiwa amekwenda sokoni. Nilimngoja njiani mpaka nikawa mwali."

Akampakata Amba. Mtoto akafuata herufi kwa kidole, akalitamka neno lote bila kukwama. Bibi akampigia makofi.

"Msiba wa nani, bibi?"

"Hatujui bado, mume wangu. Tushukuru tumeletewa mapema."

Sekela alitoka akasimama mlangoni. Kule shambani jembe la mumewe lilikuwa likisikika, naye akalisikiliza, akimshukuru Mungu kwa kila pigo.