Harage Jeusi Mezani kwa Walaji

Xanti Olazagirre alikuwa akitikisa sufuria ya bakalao, samaki mkavu wa chumvi, huku jasho likimtoka, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na maoni.

Wanaume wa chama cha mapishi cha mtaa walimkodolea macho. Miaka yote mwanafalsafa huyu alikuwa akiwacheka vitabuni mwake: mezani kwao kila mtu hukubali kila kitu, aliandika, na penye ndiyo tupu hapana fikra. Mmoja wao, Patxiku wa buchani, Xanti alimwita tumbo linalopiga kura. Sasa amestaafu, hana rafiki wa kula naye, anaomba kiti katikati ya matumbo yale yale, na mwombaji sharti awapikie kwanza.

Mkewe, Maixabel, alikitaka kiti hicho kuliko yeye, maana chama hukutana kila Alhamisi.

"Niachie nyumba Alhamisi tu, mume wangu," alimwambia, "hata vitabu vyako nitavisoma."

Ndiye aliyemfundisha kumpika samaki yule, maana jiko la chama wanawake hawalikanyagi.

Mchuzi ukashika uzito. Watu wakala, na Patxiku akafuta sahani kwa mkate.

Ikaja kura. Kila mtu, mpishi akiwemo kwa kuwa aliyepika ana sauti, alipewa harage jeupe la kukubali na jeusi la kukataa. Moja alilitumbukiza chunguni, ngumi imefumbwa. La pili alilitia mfukoni aende nalo nyumbani.

Chungu kikamwagwa. Yote meupe, isipokuwa moja.

Xanti akatabasamu. Alisema moja halidhuru, kila meza inahitaji mtu wa kukataa.

"Kwetu moja linatosha, mwalimu," alisema Koldobika, mwenyekiti. "Hatumkalishi mtu na mwenye kinyongo naye. Pole sana."

Tabasamu la Xanti likafifia. Wote wakamgeukia Patxiku.

"Jamani, nimekula sahani mbili," alisema Patxiku. "Ningemkataaje?"

Hakuna aliyemwamini. Xanti akatangaza kwamba amemsamehe.

Jumapili gazeti lilitoa makala yake kuhusu woga wa mtu anayekataa kwa kujificha. Mji mzima ulimsifu, na buchani kwa Patxiku wateja wakapungua.

Jumatatu Maixabel, ambaye Alhamisi zake zilikuwa zimekwenda na maji, alikusanya nguo za kufua. Akapekua mfuko wa suruali ambayo mumewe aliivaa chamani, akatoa harage.

Lilikuwa jeupe.