Viti Viwili vya Nguchiro

Kurumbiza, mwimbaji wa kampuni ya ngoma ya wanyama, alikuwa ameichoka bodi. Kiboko na wenzake wanne kazi yao ilikuwa kusinzia. Ndipo Nguchiro, aliyenunua hisa nyingi, akadai viti viwili vya bodi, chake na cha mwenzake.

"Niombee kura, dada. Kampuni itafufuka," akamwambia Kurumbiza.

Kurumbiza akamwombea kura mpaka sauti ikamkauka. Nguchiro akashinda.

Siku ya kikao, viti vilikuwa vitano tu.

"Mwenyekiti, mimi na mwenzangu tukae wapi?"

Kiboko akavuta ngoma mbili, ambazo ndizo pekee za kampuni. Wakazikalia.

"Sasa tutapiga nini?" Kurumbiza akauliza kwa sauti iliyobaki.

"Subiri, dada. Tutalijadili."

Watazamaji walipofika, walikuta kikao kinaendelea, na Nguchiro anasinzia juu ya ngoma.