Hati ya Mtu Mmoja

Dole gumba la mama lilikuwa limeshapakwa wino, liko juu ya karatasi, nilipomshika mkono.

“Wakili, hati hii ya kubadili jina asili yake wapi?”

“Kwa Waingereza, mzee. Anasaini mtu mmoja tu, anayeacha jina lake.”

“Mama hajaacha jina!”

Nakumbuka vizuri. Mwaka 1974, wakati wa vijiji vya ujamaa, karani alikuja kijijini kwetu Bukiriro na daftari. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, lakini yeye, kwa uvivu wake, akawaandika wanawake wote kwa majina ya waume zao. Mama, Iteka tangu kuzaliwa, akafutwa. Leo shamba ambalo babu, baba yake, alimwachia Iteka haliwi lake, mpaka mama aape kwamba jina hilo alilitupa mwenyewe!

“Bonyeza tu, bibi,” wakili akasema. “Baraza la ardhi ni kesho. Bila hati, shamba limekwenda.”

Mama akautazama wino, kisha akamgeukia wakili.

“Mjukuu wangu, yule karani alibonyeza wapi alipolifuta jina langu?”

Wakili akafunua makaratasi. Akafunua tena.

Mama akajifuta dole kwenye kitenge.

“Andika nyingine. Andika kwamba nilinyang’anywa.”