Mgonjwa wa Kwanza

Mgeni alipumzika mara mbili kwenye mawe kabla ya kuufikia mlango wa Bernadetta, juu kabisa ya mlima wa Kirumba. Shati lake jeupe lilikuwa limelowa jasho.

"Shikamoo, mama. Naitwa Luhende. Nimesikia wodini kwamba hutarudi tena."

"Marahaba. Siku hizi mnatuma daktari mpaka nyumbani!"

"Usiniite daktari, mama."

Bernadetta aliupenda unyenyekevu huo. Akamsogezea kigoda, akamweleza bila kuficha. Dawa mpya ya saratani anayotundikiwa wodini haikuwahi kupewa mtu kabla yake. Yeye ndiye wa kwanza. Tangu mwanzo aliambiwa dozi yake ni ndogo, ya kupima usalama tu, huenda isimponye. Sasa imemtapisha vya kutosha. Jumamosi mjukuu wake anaolewa Bukoba, na bibi wa kumpakata bibi harusi kabla hajatoka nyumbani ni yeye.

"Imebaki chupa moja," alisema Luhende. "Usipoimaliza, watatafuta wa kwanza mwingine, waanze upya. Wa pili haruhusiwi mpaka wa kwanza amalize salama. Itapita miezi."

"Miezi ni nini kwako wewe, kijana?"

Luhende alilitazama ziwa kule chini. "Ukiwekewa Jumatatu, Ijumaa wanakuruhusu. Meli ya Bukoba utaiwahi. Na mimi nitakaa na wewe mpaka tone la mwisho."

Bernadetta akacheka. "Haya, baba. Na siku wewe ukitundikiwa chupa, nitakuja kukukalia vivyo hivyo. Naapa kwa Bikira Maria."

Jumatatu Luhende alikaa kando ya kitanda, akamshikia beseni kila alipotapika. Chupa ikaisha.

Ijumaa mchana Bernadetta aliambiwa yuko salama, aende zake. Gauni lake la kuvaa harusini lilikuwa tayari kwenye begi, bodaboda ikimsubiri getini. Akapita wodini kumuaga daktari wake.

Alimkuta kwenye kitanda kile kile alicholalia yeye, shati jeupe limetundikwa ukutani, chupa ya dawa ile ile juu yake, muuguzi akimtafuta mshipa mkononi.

Jioni, meli ya Bukoba ilipopiga honi ya kuondoka, chupa ilikuwa imefika nusu, na Bernadetta alikuwa kitini, beseni mapajani.