Folda Iliyojificha

Programu mbili za kusaka virusi zilikuwa zimeipekua kompyuta ya Maame Afrakoma na kusema ni safi. Larbi hakuziamini. Kompyuta safi haitumi barua za utapeli kwa nusu ya waumini wa kanisa lake mjini Techiman huku mwenyewe akisinzia kitini.

"Safisha utakavyo, fundi," mama alimwambia. "Ila sauti ya mwanangu usiiguse. Alijirekodi kabla ugonjwa haujamkaba koo. Sina nyingine."

"Anaitwa nani, Maame, nisije nikakosea?"

"Kanisani walimbatiza Cyprian."

Larbi akaikuta folda ya Cyprian, akaiwekea kinga. Hakuifungua. Mambo ya marehemu si ya kuchungulia.

Mama alikuwa jikoni anatwanga fufu. Alishamuuliza mara tatu kama atakula, kila mara kwa sauti ya mtu anayeogopa kuagwa. Tangu waombolezaji watawanyike, hakuna aliyekalia kiti cha pili pale sebuleni. Larbi alimwonea huruma, akaamua kula hata kama ameshiba.

Programu ya tatu ndiyo iliyofukua kitu: folda iliyofichwa kwa makusudi, isiyoonekana na asiyeijua. Jina lake Sumina. Larbi, msema Kitwi wa kuzaliwa, akacheka peke yake. Maana yake jalala. Angalau mwizi huyu alikuwa mkweli.

Akabonyeza Futa. Programu ikamuuliza kama ana hakika, maana kikifutwa hivyo hakirudishiki. Akabonyeza tena.

Mama akaingia na bakuli mbili za fufu na mchuzi wa mbuzi.

"Wamekwisha?"

"Wote, Maame. Hata yule aliyejichimbia chini kabisa."

"Ubarikiwe, mwanangu." Akavuta kiti karibu naye, akanawa. "Basi niwekee nimsikie tukila. Sijala na mtu siku nyingi."

Larbi akafungua Cyprian. Picha za shule na vyeti, basi.

"Siyo hiyo," mama akasema, akitabasamu. "Ya sauti aliificha, watu wasije wakaifuta kwa bahati mbaya. Na aliipa jina la nyumbani. Wanne waliomtangulia walikufa wachanga, basi yeye tukampa jina baya, kifo kimwone kinyaa. Kikamwacha miaka thelathini na moja. Andika hapo: Sumina."