Kiwavi Aliyefanywa Kipimo

Wanyama wa bondeni walipochoka kubishania urefu, Profesa Korongo alimteua Kiwavi awe kipimo rasmi. Kila kitu kingepimwa kwa mwili wake.

"Kwa hiyo, bwana mdogo, marufuku kubadilika. Sayansi nzima inakutegemea."

"Na mabawa yangu, Profesa? Nayaota kila siku."

"Mabawa ni uvumi tu."

"Basi kulala je, naruhusiwa?"

"Lala utakavyo. Aliyelala habadiliki."

Kiwavi akajizungushia hariri, akalala. Wanyama wakawa wanapita wakinyata, wakipimia pembe na mikia yao kwenye kifuko chake.

Asubuhi moja kifuko kikapasuka. Kipepeo wa buluu akaelea juu ya vichwa vyao.

"Rudi!" Korongo akapiga kelele. "Sasa tutajuaje urefu wa bonde?"

"Ngoja nilivuke kwanza, Profesa," kipepeo akajibu, akapotelea ukunguni.