Kisahani Vichakani

Mchezo wao ulikuwa wa kurusha kisahani cha plastiki katikati ya miti mpaka kitue kwenye kikapu cha minyororo. Siku hiyo Mwanaidi alikirusha kama anayekifukuza. Kaka yake, Shabiri, alimfuata polepole, miguu imemvimba kwa ugonjwa wa figo.

"Tupumzike, kaka?"

"Wewe ndiye huna utulivu. Daktari kakupigia?"

Alikuwa amempigia asubuhi. Figo ya Mwanaidi ingemfaa Shabiri. Tangu hapo hakuweza kukaa kitako, kwa maana watoto wake walikuwa bado wadogo, na mumewe alikwisha kukataa.

"Bado," alijibu, akarusha. Kisahani kiligonga mti, kikapotelea vichakani. Aliingia kukitafuta, akakiona mara moja, lakini hakukiokota. Alisimama tu, akikitazama.

"Mwana, kiache," Shabiri aliita. "Chukua changu, mimi nimechoka."

Alitoka mikono mitupu.

"Amepiga," alisema. "Inafaa. Nitakupa."

Shabiri alimsogelea. Alimnyooshea kisahani chake, Mwanaidi akakishika, na kwa muda mrefu hakuna kati yao aliyekiachia.